Wakala anasema "nguo ni nguo": namba ya forodha ina kazi gani basi?

*"Mtaalamu, salaam. Nina duka la nguo Kariakoo na naagiza mzigo Guangzhou mara tatu kwa mwaka, kwa TIN yangu mwenyewe. Mzigo wangu wa mwisho ulikuwa na tisheti za kawaida, tisheti za kola, madera, mitandio, jinzi za kike na sweta za watoto wadogo. Wakala aliandika vyote kwa namba moja, ya tisheti za pamba. Forodha wakafungua mabelo, wakasema namba si sahihi, wakagawa mzigo upya na baadhi ya vitu wakavipandisha thamani. Nimelipa zaidi, na mzigo umekaa wiki mbili. Wakala ananiambia nisihangaike, nguo ni nguo, zote ni asilimia 35, huo ni usumbufu tu. Rafiki yangu naye ananishauri safari ijayo tuandike mitumba, eti mitumba inalipiwa kwa kilo. Je, kuna tofauti ya kweli kati ya namba hizi? Na mimi nisiyejua forodha nitajuaje namba ya nguo yangu?"*

Dada yangu, pole kwa wiki mbili za storeji. Umeuliza mambo mawili, kama namba zinatofautiana na jinsi ya kuzijua, lakini nyuma yake nasikia na la tatu: nimeonewa au sikuonewa? Bila kuliona tamko lenyewe, ile fomu ya forodha aliyoijaza wakala, siwezi kusema kama thamani waliyokupandishia ilikuwa ya haki. Ninachojua ni kwamba hivyo vitu sita ulivyovitaja havikai chini ya namba moja, hata mbele ya ofisa mpole kuliko wote. Hapo wakala wako alikosea, ukalipa wewe.

Nianze na alichopatia, maana kipo. Tangu tarehe 1 Julai 2022, Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne: sifuri, 10, 25 na 35. Nguo zilizoshonwa tayari, ambazo zamani zilitozwa 25, zikapandishwa hadi 35. Kwa hiyo ukiitoa blauzi kwenye namba hii ukaiweka kwenye ile, kiwango kwa kawaida hakitikisiki. Chukua mzigo ambao bei yake pamoja na nauli na bima, ile CIF, ni shilingi milioni 10. Ushuru wa asilimia 35 ni 3,500,000. VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya milioni 13.5, nayo ni 2,430,000. Umefika 5,930,000 kabla ya zile tozo ndogondogo. Iwe tisheti, iwe jinzi, hesabu ni ileile. (Nchi mwanachama huweza kuruhusiwa kutoza kiwango tofauti kwa mwaka mmoja, na orodha hutoka kwenye Gazeti la Jumuiya mwaka wa fedha unapoanza. Kila Julai muulize wakala kama kuna kilichobadilika. Usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana, hata kama ni yangu.)

Sasa rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Umesema namba zilibadilishwa, na umesema baadhi ya vitu vilipandishwa thamani. Hayo ni mambo mawili, na lililokutoa pesa ni la pili. Wakala wako ameliangalia la kwanza tu ndiyo maana anaona usumbufu.

Hayo mawili yanaungana hivi. Sheria inasema thamani ya forodha ni bei uliyolipa kweli kwa muuzaji, mradi uweze kuithibitisha. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na inakulinda wewe. Ofisa haruhusiwi kuiruka kwa sababu tu hajapenda bei yako. Lakini ana haki ya kuitilia shaka na kukuomba ushahidi, na shaka yake inaanzia kwenye namba. Anaangalia namba uliyoandika, anaangalia bei ya kipande au ya kilo, kisha analinganisha na mizigo mingine iliyopita kwa namba hiyohiyo. Tamko lako lilisema ni tisheti za pamba. Beloni wakatoa jinzi. Bei ya jinzi hizo imeandikwa wapi? Kama invoisi yako ilisema "garments" na jumla moja chini, basi haikuandikwa popote. Hapo njia ya kwanza imekufa, na umeiua mwenyewe kwa karatasi yako. Ofisa anashuka kwenye njia zinazofuata: bei ya bidhaa zilezile zilizoingizwa na wengine, kisha ya bidhaa zinazofanana nazo, na kuendelea. Inawezekana jinzi zako ulizipata kwa bei nzuri kuliko wale wengine. Nani atajua?

Kwa hiyo namba sahihi haikupunguzii kiwango, ila inailinda bei yako. Kila mstari wenye namba yake, idadi yake na bei yake ni shahidi anayesimama upande wako. Ukivichanganya vyote, umewafunga mdomo mashahidi wako.

Namba hizi hazikutungwa Dar es Salaam, wala hazikutungwa kwa ajili ya kukusumbua. Ni mfumo uitwao HS, wa Shirika la Forodha Duniani, lenye makao Brussels, ulioanza kutumika mwaka 1988, na leo zaidi ya nchi 200 zinautumia au kuufuata. Tarakimu sita za kwanza ni moja Guangzhou, Mombasa na Rotterdam. Sisi wa Afrika Mashariki tunaongeza mbili za mwisho. Ukali wake unatokana na nchi ambazo viwango vinatofautiana sana. Marekani, kwa mfano, ushuru wa kawaida wa tisheti ya pamba ni asilimia 16.5, na ya nyuzi za kutengenezwa, kama poliesta, ni 32. Mahali kama hapo watu wanafika mahakamani kwa sababu ya mfuko wa shati. Sisi tumerithi kanuni zilezile, japo kwetu kiwango ni kimoja.

Kabla sijaingia kwenye nguo zako, niliondoe la mitumba, kwa sababu hili linaweza kukuharibia zaidi ya wiki mbili. Mitumba ina kifungu chake, 6309, na rafiki yako amesikia nusu ya habari. Kiwango ni asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, *chochote kilicho kikubwa zaidi*. Fanya hesabu mwenyewe: hiyo ya kilo inashika pale tu thamani inapokuwa chini ya kama dola 1.14 kwa kilo. Ikizidi hapo unarudi kwenye 35 ileile. Ili ufaidike, itabidi udanganye namba na pia udanganye thamani. Halafu kifungu chenyewe kina masharti mawili yanayokwenda pamoja: nguo ionekane wazi imevaliwa, na ije kwa wingi bila kufungwa, au ndani ya mabelo, magunia au vifungashio vya namna hiyo. Nadhani neno "belo" ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu hata nguo mpya za China zinakuja zimefungwa kibelo. Belo haligeuzi nguo mpya kuwa mtumba. Lebo iko shingoni, harufu ya kiwanda bado ipo, ofisa ataona kwa kufungua mfuko mmoja.

Kukosea namba ya sweta ni kosa la kurekebishwa. Kuandika nguo mpya kuwa mitumba ni tamko la uongo, na kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinafika hadi kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola 10,000. Tusiongee tena.

Haya, nguo. Mtu asiye wa forodha anaweza kupata tarakimu nne za kwanza, mara nyingi hata sita, kwa nguo nyingi za dukani kwake akijiuliza mambo matatu kwa mpangilio: kitambaa kimetengenezwaje, nguo ni ya aina gani na ya nani, na uzi ulio mwingi ni upi. Tatizo ni kwamba watu wanaanza na la tatu. "Ni pamba hii." Pamba inakuja mwisho.

La kwanza ndilo linaloamua sura ya kitabu cha ushuru, yaani tarakimu mbili za kwanza. Sura ya 61 ni ya vitambaa vya vitanzi, uzi unaoingia ndani ya uzi kama sweta la bibi. Sura ya 62 ni ya vitambaa visivyo vya vitanzi, na kwa sehemu kubwa ni vya mtande na mshindio, nyuzi zinazopitana juu na chini kama mkeka. Kiswahili chetu hapa hakitusaidii, maana mwenye kitanda cha mfumi tunasema anafuma, na mama mwenye sindano mbili za sweta naye tunasema anafuma. Kwa hiyo usitumie neno, tumia jicho. Chukua simu, vuta kamera karibu kabisa na kitambaa, au azima lenzi ya fundi saa. Ukiona vijumba kama herufi V vimepangana safu kwa safu, ni vitanzi, sura ya 61. Ukiona nyuzi zimenyooka zinakatana kama dirisha la wavu, ni 62. Ukibaki na shaka, chomoa uzi ukingoni. Wa mtande unatoka umenyooka; wa vitanzi unatoka umejikunja-kunja, na kitambaa kinaanza kufumuka.

Usiamini kuvutika. Hili limewaponza wengi. Jinzi zako za kike huenda zina elastani, ule uzi wa kuvutika, asilimia mbili au tatu na zinavutika kama skintaiti, lakini denimu ni ya mtande na mshindio. Jinzi ya kike ya pamba ni 6204.62. Skintaiti yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya vitanzi, iko sura nyingine kabisa.

Kutoka hapo unaenda kwenye aina ya nguo, na hapa ndipo wakala wako alipoanguka kwanza. Kifungu cha 6109 ni cha tisheti na fulana za ndani, za vitanzi. Tisheti inayozungumzwa pale haina kola, haina vifungo, haina mpasuo shingoni. Ukishaipa kola na vile vifungo viwili au vitatu kifuani, zile ambazo vijana huziita "form six", imekuwa shati la vitanzi: 6105 kwa la kiume, 6106 kwa la kike. Mimi mwenyewe nilipokuwa karani mchanga wa kujaza matamko niliwahi kuandika mabelo mazima ya tisheti za kola kuwa 6109, nikiwa na hakika kwamba kila mtu anaziita tisheti. Kila mtu anaziita tisheti kweli. Kitabu cha ushuru hakiangalii mtu anaiitaje, kinaangalia imeshonwaje.

Kuna vitego vidogo zaidi. Tisheti yenye ribu ya kubana kiunoni, au kamba ya kukaza chini, imetolewa kwenye 6109 na maelezo ya sura yenyewe. Kwa kawaida inaishia 6110 pamoja na masweta. Shati la vitanzi lenye mfuko chini ya kiuno limetolewa kwenye 6105 na 6106. Shati lisilo na mikono haliwi 6105. Na tangu toleo la mwaka 2022 sura ya 62 nayo imewekewa masharti ya mfuko na ribu kwa mashati yake. Huhitaji kuyakariri. Jua tu kwamba chini ya kiuno na kwenye pindo ndiko ofisa mzoefu anakotazama, nawe utazame huko kabla yake.

Madera ni gauni, na gauni la kike la mtande ni 6204, la vitanzi ni 6104. Sokoni madera yanauzwa ya "pamba" na ya "poliesta" tu, lakini mengi ni viskosi, ambayo wengine huiita rayoni. Forodha inatenganisha hizi kwa ukali. Poliesta na nailoni zinatokana na kemikali za mafuta, zinahesabiwa sintetiki: gauni lake ni 6204.43. Viskosi inatokana na massa ya mti yaliyoyeyushwa na kutengenezwa uzi upya, ina kundi lake: 6204.44. Ya pamba ni 6204.42. Unaona tarakimu ya mwisho tu inaruka. Muulize muuzaji wako asilimia kamili, asikujibu "good quality".

Mitandio ya mtande na mshindio ni 6214. Ile ya jezi, inayovutika na kuteleza, ni ya vitanzi, kwa hiyo 6117. Na kuna jambo dogo la kufurahisha: mtandio wa mraba usiozidi sentimita 60 kila upande unahesabiwa leso ya mkononi, 6213. Ukizidi tu 60 upande mmoja, ni mtandio.

Sweta za watoto nimeziacha mwisho kwa makusudi, maana hizo ndizo ningezitolea mfano darasani. Kuna vifungu maalumu vya nguo za watoto wachanga, 6111 kwa za vitanzi na 6209 kwa nyingine, na mpaka wake hauko kwenye umri. Uko kwenye urefu wa mtoto: usiozidi sentimita 86. Sasa kagua lebo za Guangzhou. Nguo za watoto pale huandikwa 73, 80, 90, 100. Zile namba ni urefu wa mtoto kwa sentimita! Wauzaji wetu wengi wanadhani ni saizi tu. Kwa hiyo sweta moja, rangi moja, mashine moja: saizi 73 na 80 zinakwenda 6111, saizi 90 na 100 zinakwenda 6110. Mwambie muuzaji azitenganishe kwenye orodha ya mzigo, kwa sababu beloni hutaweza kuzihesabu mbele ya ofisa.

Kwa swali la nguo ni ya nani, sheria ni rahisi kuliko unavyofikiri. Mbele ikifungwa upande wa kushoto juu ya wa kulia, ni ya kiume. Wa kulia juu ya wa kushoto, ni ya kike. Isipokuwa mkato wenyewe uonyeshe wazi vinginevyo. Nguo ambayo haitambulikani ni ya nani inahesabiwa ya kike. Kwa tisheti za 6109 na masweta ya 6110 swali hili halipo kabisa, vifungu hivyo havina jinsia.

Limebaki la uzi. Kanuni ya jumla ni uzito. Uzi uliozidi mwingine kwa uzito ndio unaobeba nguo nzima. Pamba 60 na poliesta 40, ni pamba. Poliesta 65 na pamba 35, hata kama muuzaji ameandika "cotton T-shirt" kwa maandishi makubwa, si pamba. Namba ni 6109.90, wala si ile 6109.10 aliyoitumia wakala wako kwa kila kitu. Kuna mahali hata mawakala wakongwe wanateleza. Chukua nguo yenye pamba 40, poliesta 35 na viskosi 25. Jicho linasema pamba, ndiyo kubwa. Lakini maelezo ya sehemu ya nguo yanataka kwanza ujumlishe nyuzi zote za kutengenezwa kama familia moja: 35 na 25 ni 60. Familia imeishinda pamba. Kisha ndani ya familia unaangalia nani mkubwa, na poliesta ya 35 inaishinda viskosi ya 25. Nguo ni ya sintetiki. Pamba yenye 40 imetoka mikono mitupu.

Lebo inaweza kusema uongo, na ikisema uongo anayeulizwa ni wewe uliyeileta. Kipimo cha nyumbani ni kuchoma nyuzi chache kwa koleo juu ya sahani: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu, sufu inanuka nywele zilizoungua. Lakini viskosi nayo inaungua kama pamba, kwa hiyo kiberiti hakiwezi kukutenganishia hizo mbili, wala hakiwezi kukupa asilimia. Kwa oda kubwa, peleka sampuli maabara. TBS wanapima vitambaa, na gharama ya kipimo si kitu ukiiweka kando ya wiki mbili za storeji.

Nadhani umeshaona kwa nini nasema wewe unaweza kuijua namba kuliko wakala. Yeye anakutana na mzigo wako siku ya kuandika tamko, mara nyingi hajaugusa. Wewe uliushika kitambaa dukani Guangzhou, ukakivuta, ukauliza bei. Na sheria haikuachii umsukumie yeye lawama zote: wakala anawajibika kwa tamko, na mwenye mzigo anawajibika kwa alichokitamka wakala kwa niaba yake. Wote wawili mmo. Ukaguzi wa baada ya mzigo kutoka nao upo, na madai ya ushuru uliopungua yanaweza kukufuata hadi miaka mitano nyuma. Karatasi zako zitunze muda huohuo.

Ungeweza kuendelea kama ulivyokuwa, namba moja kwa vyote, na kutegemea bahati. Baadhi ya wenzako wanafanya hivyo na mizigo inapita. Sitakudanganya kwamba kila belo linafunguliwa. Lakini ulishafunguliwa mara moja, na mfumo unakumbuka TIN.

Ninachokushauri ni kuanzia dukani China. Invoisi isiwe na neno "garments" peke yake. Kila aina ya nguo iwe na mstari wake: jina, vitanzi au mtande, ya nani, asilimia za nyuzi, idadi, bei ya kipande. Muuzaji akikupa namba ya HS aliyotumia yeye kusafirisha, ipokee, ilinganishe, lakini usiimeze. Naye ana haraka zake. Ushahidi wa malipo, iwe benki au simu, uendane na jumla ya invoisi. Piga picha lebo za ndani kabla belo halijafungwa. Hii ni kazi ya nusu siku kwa mzigo kama wako, na nakiri kwamba wauzaji wa pale hawapendi kuandika mistari ishirini kwa mteja wa mabelo machache. Andika wewe, wao wagonge muhuri.

Kwa nguo unayoileta kila safari na ambayo namba yake ina ubishi, kuna njia ambayo wafanyabiashara wadogo hawaitumii: unaweza kuomba uamuzi wa awali. Unaandika kwa Kamishna wa forodha TRA kabla ya kuagiza, unaambatisha sampuli na maelezo, wanakujibu namba kwa maandishi. Haifai kwa mzigo ambao tayari uko baharini. Kwa madera yako ya kila mwaka inafaa sana.

Na kwa wale wanaosoma hili huku mizigo yao inakuja ndani ya kontena la mtu, bila tamko kwa jina lao: nyinyi hamna hata karatasi ya kubishania. Bei ya kilo mnayolipa kwa msafirishaji inameza ushuru, faida yake na hatari yake, nanyi hamjui kipi ni kipi. Wengine mnadhani pia kwamba kununua Eastleigh au Kampala kunaifanya nguo kuwa ya Jumuiya isiyotozwa. Nguo ya China iliyopita Nairobi bado ni ya China, na cheti cha uasilia, kinachothibitisha nguo imetengenezwa ndani ya Jumuiya, hakitolewi kwa sababu nguo imelala dukani huko.

Sasa yale ambayo maandishi hayatoshi. Kama una nguo zilizopakwa plastiki au za ngozi bandia, seti za watoto za vipande viwili vitatu kwenye mfuko mmoja, au kanzu na abaya zenye mikato isiyo ya kawaida, usikisie kwa kusoma hapa; hizo zinaweza kuhama sura nzima. Zipeleke mkononi kwa wakala mwenye leseni ambaye atakubali kukuonyesha ukurasa wa kitabu cha ushuru, si atakayekwambia nguo ni nguo. Na kama umepewa barua ya madai, au umetuhumiwa tamko la uongo, hapo mtafute mshauri wa kodi au wakili ukae naye uso kwa uso kabla hujasaini chochote.

Kuhusu mzigo wako uliokwisha kutoka: kwa namba, sidhani utashinda, na usipoteze nauli. Kwa thamani, inawezekana. Una haki ya kumwandikia Kamishna kuomba uamuzi ule upitiwe upya, ndani ya siku 30 tangu ulipotolewa, ukiambatisha uthibitisho wa bei uliyolipa kweli kwa kila aina. Akikataa, una siku 45 za kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Omba TRA wakupe kwa maandishi njia waliyoitumia kupata thamani mpya ya kila mstari, kwa sababu bila hiyo hujui unapinga nini. Kisha watumie ujumbe wauzaji wako wakupe invoisi zilizochambuliwa kwa aina, za tarehe ileile na jumla ileile uliyolipa. Jumla ikitofautiana hata kidogo na malipo yako ya benki, usiipeleke.

Hukuniambia uamuzi wenyewe ulitolewa lini. Angalia tarehe hiyo leo, kabla hujampigia mtu yeyote.